Kifungo Kipya, Mikono Mipya

Mkamwana wangu alijifungua mapacha kwa kupasuliwa, akakatazwa kuinua kitu kizito. Mimi nyonga yangu haikubali kunyanyuka na mtoto, na mwanangu anafanya kazi mbali. Nani angewaogesha wale wachumba wangu wawili?

Kwenye chama cha mafundi cherehani alimo mkamwana wangu, msaada hulipwa kwa vifungo vyekundu. Ukimsaidia mwenzako asubuhi nzima, anakupa kifungo. Nawe siku ukikwama, unakitoa. Vya mkamwana wangu vilikwisha wakati wa mimba. Nikajikokota hadi chumba cha ushonaji kumwombea vingine.

Mwenyekiti ni mdogo wangu, tumbo moja. Akasema hilo jambo dogo, kopo limejaa, zichotwe konzi mbili yaishe. Mtunza vifungo, wanayemwita Mama Kufuli, akalifunika kopo kwa kiganja. Akakumbusha katiba yao: vifungo haviongezwi ila akiingia mwanachama mpya, naye huanza na kumi.

Mdogo wangu akamtania kwamba huyu hata kaburini atadai risiti. Watu wakacheka.

"Dada, kifungo kipya bila mikono mipya ni uongo," Mama Kufuli akamwambia mwenyekiti. "Leo tukichota kwa huruma, kesho kila mtu ana rundo, na wa kuogesha mtoto hayupo."

Nikanyanyuka niondoke. Akaniita.

"Mama, hiyo mikono yako inafanya nini?"

Nikamjibu kwamba mikono ya kizee itafanya nini zaidi ya kushona pindo, tena kwa kukaa. Mafundi wakatazamana. Sare za shule zisizo na pindo zilikuwa zimerundikana mpaka usawa wa dirisha, na hakuna aliyetaka kuzigusa.

Wakanyoosha mikono wote. Nikaingizwa chamani, uzee huu, nikahesabiwa vifungo vyangu kumi.

Kesho yake aliyebisha hodi kwanza ni Mama Kufuli. Akawaogesha, akawapaka mafuta, akafua. Nilipompa kifungo alikipokea bila haya, nami nikafurahi kuliko kama angekikataa. Kumshukuru mtu na huku umemlipa, jamani, kuna raha yake.

Nguo yake ilikuwa imelowa kifuani. Pacha mdogo alikuwa amemkojolea.

"Hii," alisema akijikung'uta, "katiba haikuitaja."

Nikamwambia avue niianike. Nikaona pindo lake limefumuka, nikavuta sindano.