Mnyama wa Sponji

Tangu asubuhi fundi wa makochi alijisifu kwamba mnyama wake wa siku za mwisho angewatimua waumini mpaka barabarani. Na ilibidi watimke, maana mama mkwe mtarajiwa, msimamizi wa igizo la kanisa, alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba mwanamume asiyeweza kutisha hata watoto hawezi kulinda nyumba, na kwamba hatamwoza binti yake.

Vichwa saba, pembe kumi, hakuna kilichopungua. Tatizo lilikuwa mkono wa fundi. Mbao tupu humuwasha mwili. Akiona kona kali lazima aivishe sponji, avute mahameli juu yake, abane kwa vifungo. Kila pembe ikanona kama mkono wa kochi, kila kichwa kikavimba kama mto wa sebuleni. Mwenyewe akaona kazi imekaa sawa.

Akajipenyeza ndani ya mnyama wake, akaingia kanisani akinguruma.

Mtoto wa mstari wa mbele akabonyeza pembe. Ikabonyea, ikarudi taratibu. Akabonyeza tena. Hapo ndipo mambo yalipoharibika: huyu kakumbatia kichwa cha tatu, yule kajilaza juu ya cha sita, na bibi mmoja wa kwaya kaegemeza mgongo kwenye cha tano, anamshukuru Mungu. Fundi alivyozidi kunguruma ndivyo walivyozidi kucheka, naye huko ndani jasho chapachapa, anamwona mke akimponyoka.

Mchumba wake, malaika mwenye upanga wa bati, akaja kumtupa katika ziwa la moto, yaani shuka jekundu. Watoto wakamng'ang'ania mnyama wao. Malaika akavuta, akateleza, akaangukia vichwa vyote saba, upanga kule, mabawa huku, akicheka mpaka machozi.

Mama mkwe akapanda jukwaani. Fundi akamchungulia kupitia mdomo wa kichwa cha nne, roho mkononi.

"Mnaona?" mama akawaambia waumini. "Tumeonywa kwamba dunia nzima itamfuata mnyama ikimshangaa. Mlidhani atakuja na meno? Atakuja hivihivi, laini, nanyi mtamlalia."

Vicheko vikakatika. Watoto wakateremka mmoja mmoja, wa mwisho akakimbilia mapajani kwa mama yake. Bibi wa kwaya akainuka kama aliyekalia makaa.

Mama mkwe akainamia ule mdomo.

"Baba, hata mimi umenitisha. Toka humo, mwenzako anakusubiri," akanong'ona. "Ila hiki kichwa cha tano nakichukua. Mgongo wangu nao unauma."