Kicheko cha Mkamwana

Biubwa ndiye aliyewafundisha wanawe kucheka, na hilo hata angetaka kulikana asingeweza.

Miaka hiyo ya sabini huku Bara hatukuwa na televisheni, lakini jirani yao Muhidini alinunua moja, akasimamisha mlingoti juu ya bati, akawa anadaka picha za Unguja. Biubwa, aliyekwisha kuiona kwa kaka yake huko Unguja, akajitia ujuzi. Aliwaketisha Dija na Ausi mkekani kwa Muhidini, akawaambia leo watacheka mpaka mbavu ziwaume.

Kichekesho kikaanza. Mzee mwenye mikono ya kutetemeka anamkaribisha mgeni kahawa. Kikombe kinacheza, kahawa yote inammwagikia mgeni kanzuni. Waliojazana sebuleni wakaangua vicheko. Watoto wa Biubwa kimya.

"Mama, mbona hawamsaidii?" Dija aliuliza.

"Anaigiza tu, mwanangu! Hicho kichekesho. Cheka!"

Wakacheka, kwanza kwa kumridhisha mama yao, kisha wakanogewa.

Kesho yake Ausi alichukua kikombe cha maji akasimama mbele ya babu yake, Mzee Mwishehe, baba mkwe wa Biubwa, ambaye tangu augue mikono yake haitulii. Mtoto akatetemeka, akamwaga maji, akapepesuka. Mzee akacheka. Babu na wajukuu ni watani, wanaambiana lolote na hakuna wa kununa.

"Bado hujaweza," mzee alimwambia. "Tetemesha na kidevu!"

Hapo Biubwa, aliyekuwa mlangoni na ungo wa mchele, akapasuka kwa kicheko. Kicheko kikubwa, cha kujishika tumbo.

Mzee akageuka. Mkamwana hana utani na baba mkwe. Miaka yote ile Biubwa hata sauti hakuwahi kuipandisha mbele yake. Tabasamu likamfutika mzee usoni. Biubwa aliona haya, haya za kutamani ardhi impasukie, akakimbilia uani na ungo wake. Utu uzima wote ule, alijiambia, na mtoto ndiye aliyeuliza kwa nini hawamsaidii!

Jioni alijikaza, akaenda kupiga magoti kando ya kitanda cha mkwewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kutaka radhi."

"Radhi unayo, mama."

Biubwa akanyoosha mikono yote miwili, apokee mkono wa mzee aubusu, kama afanyavyo kila siku. Shuka lilikuwa likitikisika. Mzee Mwishehe alikuwa ameificha mikono yake chini ya shuka hilo, na hakuitoa.