Mgeni Aliyesifu Kila Kitu

Nina kitu, kimekaa kwangu miaka na miaka. Mpita njia akikitaja kwa uzuri, jioni kiko kwake. Ni nini? Fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Apia, nimekwenda Apia, nimekula samaki wa Apia, nimelala kwenye nyumba isiyo na kuta, na sasa nakupa jibu: ni kitu chochote. Huko Samoa ukimsifia mtu kitu chake, amekupa. Haongezi neno. Anakifunga, anakuletea.

Kelsey hakulijua hilo alipotoka Minnesota na shahada yake moja, kuja kusoma mwaka mmoja chuoni Apia, akapangiwa kukaa kwa Mama Fetuao. Na Wamarekani, Mungu awabariki, wamelelewa kusifu. Siku ya kwanza alisifu mkeka, akapewa mkeka. Akasifu kikombe, akasifu mto, akasifu mtoto wa nguruwe. Nguruwe akafungwa utepe mwekundu mguuni, akaletwa chumbani. Mwezi wa pili alisifu upepo wa jioni. Upepo ukahamia chumbani kwake, kile cha nyuma, ukawa unampekulia vitabu. Wenye nyumba wakanunua pangaboi.

"Bora hajasifu mvua," alisema Fetuao, akijifuta jasho. "Magimbi yangetukaukia."

Jumapili moja kanisani Fetuao aliimba sauti ya pili, ile iliyoishikilia kwaya nzima kama nguzo ya kati inavyoshikilia paa. Walipotoka nje Kelsey alimkumbatia. "Mama, sauti yako! Naipenda, jamani, naipenda!"

Kesho yake asubuhi Fetuao alimletea, imefungwa kwenye kitambaa cha gome la mti, ina uvuguvugu kama mkate uliotoka kuokwa. Kelsey alipofungua, sauti ikamwingia kooni ikakaa. Fetuao akabaki na ile ya kusemea tu. Mwalimu wa kwaya alimkalisha Kelsey benchi la pili, akampa kofia nyeupe kama akina mama wengine, wakaendelea na mazoezi.

Ndipo Ianeta, binti wa Fetuao, alipomweleza mambo, huku ameshika mbavu kwa kucheka. "We dada nawe, ungenyamaza! Ulidhani yule nguruwe alikuja kusoma?"

"Sauti nairudisha leo hii."

"Thubutu! Ukirudisha zawadi umemtukana mama na ukoo mzima. Mpaka aisifu mwenyewe. Akishaisifu, ni yake."

Basi ikawa kila jioni Kelsey anaimba barazani, kisha anauliza, "Mama, unaionaje sauti hii?"

Naye Fetuao, "Leo hujala vizuri wewe." Au, "Hivi lile shuka limekauka?" Kuisifu kungekuwa kuiomba. Mgeni haombwi; anayemwomba mgeni ni sawa na aliyevua nguo sokoni.

Mzee Faitala, baba yake Fetuao, yeye hakuwa na haya hiyo. Zamani alikuwa na ufuo. Akapita mgeni mmoja, akausifu, akapewa. Sasa una hoteli na uzio wa waya, na ukoo huzunguka kwa nyuma, kwenye mawe, kutafuta samaki. Kila siku mzee akishakula huenda uzioni, huvua kofia, husema kwa sauti kubwa, "Ufuo mzuri huu! Sijaona mwingine!" Na mlinzi hujibu kwa adabu kutoka ndani, "Asante, mzee. Nitamfikishia bosi." Mzee huvaa kofia akarudi kulala.

Kelsey naye alijifunza. Alipopewa majani ya magimbi kwa tui, ulimi ukimcheza, alisema, "Yanaliwa." Jua likizama alilitazama kwa pembe ya jicho. Mama yake mzazi alipompigia simu kumwonyesha mapazia mapya ya sebuleni, alisema, "Naam, nayaona."

"Wewe unaumwa?" aliuliza mama yake.

"Hapana, mama. Nimesoma."

Mwaka ukaisha. Tiketi ilikuwa ya Jumanne. Mwezi unaofuata kwaya ingezindua kanisa jipya, na sauti ya pili ingekuwa Minnesota, kwenye theluji. Fetuao alikuwa anaanika nguo, akafungua mdomo kuimba kwa mazoea, akaufunga. Kelsey alimwona.

Jumapili ya mwisho chakula kilipotoka kwenye mawe ya moto, mgeni alitandikiwa karibu na mzee, kama siku zote. Mgeni hula kwanza pamoja na wakubwa. Watoto wa nyumba hupepea nzi na kula kitakachobaki. Kelsey hakukaa. Alimnyang'anya Ianeta pepeo, akapita mbele ya wakubwa ameinama, akaanza kufukuza nzi.

"Kaa, mgeni," alisema Mzee Faitala.

"Mgeni simwoni, babu. Kula, samaki anapoa."

"Pepea vizuri basi!" Ianeta alimnong'oneza. "Mimi nzi mmoja akitua nasemwa wiki nzima."

Wakubwa wakala, wakashiba, mzee akainuka akaenda zake. Wasichana wawili wakala mwisho, shingo ya kuku na magimbi yaliyopoa. Kisha Kelsey akaleta bakuli la maji, akapiga magoti, akamnawisha Fetuao mikono. Kutoka upande wa hoteli ikasikika, "Ufuo mzuri huu!" na baadaye kidogo, "Asante, mzee!"

Kelsey aliimba ubeti mmoja, bakuli bado mikononi.

"Mama, unaionaje sauti hii?"

Fetuao alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Mgeni haombwi. Mtoto wa nyumba anaombwa hata shati alilovaa.

"Nzuri," alisema. "Nzuri mno, mwanangu."

Na hilo "nzuri" la pili lilitoka likiimbwa.