Waridi la Dubai

Filemon aliporudi kwao Masama, mlimani, baada ya kustaafu kazi Dar es Salaam, jambo la kwanza alilofanya ni kung'oa masale, mimea ya mpaka. Yalikuwa yamesimama mpakani tangu enzi za babu yake, kati ya kihamba chake, shamba la urithi, na cha marehemu kaka yake. Bernadetha, mjane wa huyo kaka, alisimama na ndoo kichwani akimtazama shemeji yake anavyotoka jasho kwa kazi ya kijinga.

"Shemeji, mpaka wa ukoo unaung'oa unaupeleka wapi?"

"Siung'oi, shemeji, naupendezesha. Haya majani ni ya kishamba."

"Na hapa ni wapi? Posta ya Dar?"

Filemon akachekea puani, kicheko cha mtu aliyezoea kuletewa chai mezani. Wiki hiyohiyo akashusha miche kutoka Bomang'ombe, akaipanda palepale mpakani. Muuza maua alimwambia ni waridi la Dubai, naye akaamini, maana mtu akienda kununua maua na miwani ya jua usoni huuziwa jina lolote. Waridi gani lisilo na mwiba? Vilikuwa vichaka vya majani membamba, marefu, magumu, na maua ya pinki ambayo hata mbuzi wa kupita aliyanusa akaondoka zake. Lakini vilistawi, na baada ya muda uzio ulimzidi mtu kimo. Wageni wakija Jumapili walipigia picha hapo, na Filemon alisimama kando kama aliyeyaumba yeye.

Bernadetha hakuwa na bustani. Alikuwa na Zawadi, ng'ombe wake mmoja wa bandani, mwenye mimba, karibu kuzaa. Mwaka mzima alikuwa anakunywa chai ya rangi na kumwomba Mungu ng'ombe azae salama. Hakuwa na kingine cha kutegemea.

Kwaresima ile jua lilikuwa kali, majani yakaadimika. Ijumaa moja, Bernadetha akiwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba, Filemon alipunguza uzio wake. Sasa, kwa watu wa mlimani, ukikata chochote cha kijani hukitupi. Unampa mwenye ng'ombe. Katika yote aliyofundishwa na mama yake, Filemon alikuwa amebakiwa na hilo moja tu. Akayaacha matawi yanyauke kidogo juani, akayakatakata pamoja na mgomba, akanyunyizia magadi, akajaza hori la Zawadi.

Bernadetha aliporudi alimkuta ameegemea banda, mikono kiunoni.

"Shemeji, leo pumzika. Nimekulishia."

"Umempa nini?"

"Majani ya uzio na mgomba. Kala yote, hata kijiti hakubakiza!"

Bernadetha akamwambia asante. Asante hiyo ilikuja kumwasha kooni kuliko pilipili.

Asubuhi Zawadi alikuwa amelala ubavu, anatetemeka, anaharisha, udenda unamtoka. Bernadetha akampigia Violet, afisa mifugo, ambaye kata nzima inamwita bwana mifugo ingawa ni binti mwenye nywele za kusuka. Violet alikuja na pikipiki, akaweka sikio la chuma ubavuni mwa ng'ombe, akakunja uso.

"Mama, moyo unarukaruka." Akaokota jani lililonasa kwenye ufa wa hori. "Haya yametoka wapi?"

Bernadetha akaonyesha kwa kidevu.

"Baba," Violet akamwambia Filemon, "hii ni olianda. Sumu tupu, kuanzia mzizi hadi ua. Mnyama huiogopa kwa uchungu wake ikiwa mbichi. Ikinyauka anaila."

"Na yeye akamtilia magadi ashushie vizuri," akasema Bernadetha.

Kabla ya mchana Zawadi akafa, na ndama tumboni.

Wanaume wa ukoo walifika na visu haraka kuliko wanavyofika msibani. Kwaresima ilisahaulika mlangoni. Violet akawaambia hakuna kula, azikwe. Wilson, binamu yao, akauliza kama hata ikichemshwa sana haifai.

"Chemsha ule wewe kwanza, Wilson," Bernadetha alisema. "Sisi tutakuimbia."

Visu vikarudi kwenye makoti.

Violet akazunguka bustani ya Filemon, akionyesha ua moja baada ya jingine. Lile la majani ya madoa pale barazani, mtoto akilitafuna ulimi unavimba. Yale meupe yanayoning'inia kama tarumbeta, mtu akiyala anaweweseka, hata kufa anaweza kufa.

"Kumbe shemeji umejifungulia duka la sumu," Bernadetha alisema, "na mlangoni ukaweka taa!"

Filemon akaona atafute pa kushika. "Mbona wewe una mnyonyo nyuma ya choo? Mbegu zake si sumu?"

"Ni sumu," Violet akakubali.

"Na tunaijua," akajibu Bernadetha. "Hakuna aliyeniambia ni waridi."

Siku zikapita. Kila aliposali akafika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, Bernadetha aliyapita mbio kama mtu anayeruka tope. Huku mlimani, aliyekosa humletea aliyemkosea jani la isale, mmea uleule uliong'olewa mpakani, na anayeletewa hakatai. Filemon alilijua hilo. Jioni moja akaja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, naomba jani moja la isale."

"La nini?"

"La... kukuomba msamaha."

Bernadetha alimtazama mpaka akainamisha kichwa. "Yaani nichume kwangu, nikupe, uniletee mimi? Nijiombe radhi mwenyewe?"

Akaingia migombani, akarudi na shina moja la isale, akampa. "Ng'oa hiyo Dubai yako uifukie. Panda hili palepale. Likishika, chuma ulete."

Filemon aling'oa mpaka mikono ikachubuka. Kisha akapanda.

Asubuhi, akienda misa, Bernadetha alipita mpakani akasimama. Mtu huyu alikuwa amelipukutisha shina majani yote, kama alivyoelekezwa na yule muuza maua wake, halafu akalichomeka kichwa chini.

Angeweza kuliacha. Lingekauka lenyewe, na jani lisingeletwa milele, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kengele ya kanisa ikalia. Bernadetha akapandisha kitenge, akavuka mpaka, akalichomoa lile shina.

"Mzee mzima hajui isale linakotazama," akanong'ona, akaligeuza, akashindilia udongo kwa kisigino.