Wiki Sita za Maandazi

Ugonjwa wa Evodia Mughwai ulikuwa na nidhamu kumzidi mwenyewe. Ulifika shuleni siku ya tatu baada ya muhula kufunguliwa, ukakaa naye muhula mzima bila kutoroka hata mara moja, kisha ukapoa taratibu wakati wa likizo, Evodia akiwa kwao Iguguno, akila ugali wa uwele na mlenda kwa bibi yake na kukimbiza mbuzi kwenye alizeti za watu. Shule ikifunguliwa, nao ulifungua.

"Huo ugonjwa wako unafuata kalenda ya Wizara," Matroni Martina alimwambia siku moja, amesimama mlangoni mwa bweni, mikono kiunoni. "Hata malaria haijui likizo ni lini."

Matroni alikuwa na sababu zake. Kidato cha kwanza, Evodia alijaza vipande viwili vya kiazi kitamu mashavuni, akatangaza kwamba ana matumbwitumbwi, akalazwa chumba cha wagonjwa na kula spesho, yaani ule wali wa wagonjwa ambao wasichana mia nne wa shule ile ya bweni karibu na Ilongero waliuota kila siku. Alidumu siku mbili, mpaka njaa ilipomfanya atafune ushahidi mbele ya nesi. Kidato cha pili lilibandikwa tangazo la kufuta mtihani wa jiografia, lenye muhuri uliochongwa kwa kiazi mviringo. Tangu hapo Matroni hakumwamini Evodia, wala viazi.

Lakini ugonjwa huu haukuwa wa viazi. Tumbo lilijaa kama ngoma. Alikimbilia chooni mara tano kabla ya kipindi cha kwanza. Midomo ilitoka vidonda, kucha zikapauka, na sketi ambayo mama yake aliinunua kubwa "ili ikae miaka minne" ilifungwa kwa pini mbili. Alitibiwa taifodi mara tatu na minyoo mara nne. Mara moja alipimwa mimba, jambo lililomuudhi kuliko yote, maana siku ile alikuwa na mtihani wa kemia.

Katikati ya kidato cha tatu aliitwa ofisini kwa Mkuu wa shule, Mwalimu Luciana.

"Siku thelathini na moja hukuingia darasani," Mkuu alisema. "Mwakani ni mtihani wa taifa. Kama unaumwa kweli, niletee karatasi ya daktari inayosema unaumwa nini na sisi tufanye nini. Ikifika Desemba huna, nitamshauri mama yako akuhamishie shule ya kutwa karibu na nyumbani."

Evodia aliwahi kuingia ofisi ile kwa makosa mengi na yote alikuwa ameyafanya. Kuhukumiwa kwa kosa pekee ambalo hakulitenda ilikuwa ladha mpya kabisa. Na shule ya karibu na nyumbani haikuwa na maabara. Hii ilikuwa nayo, yenye bomba linalotoa maji na mwalimu wa kemia asiyeogopa moshi, na Evodia alikuwa ameamua zamani kwamba maisha yake yatapitia kwenye chumba kile.

Likizo ilipokaribia kwisha, mama yake, Klara, alimpeleka hospitali mjini Singida. Huko walimkuta Daktari Laurian, kijana mwenye koti lililomzidi urefu, ambaye hakuandika kitu mpaka mgonjwa amalize kusema.

"Nyumbani mnakula nini?" aliuliza.

"Ugali," alisema Mama Evodia.

"Wa nini?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mumewe. "Wa uwele. Wa mtama. Mahindi yakiwepo, mahindi."

"Chapati? Mkate?"

"Ngano kwetu ni ya Krismasi, daktari. Na kila Krismasi huyu anaharisha. Tunasema ni ulafi."

"Ulafi nao upo," Evodia alikiri kwa unyenyekevu.

"Na shuleni je?"

"Kila asubuhi uji wa lishe. Na duka la shule lina maandazi."

"Huo uji una nini ndani?"

"Mahindi, soya, karanga na ngano. Imeandikwa kwenye gunia."

Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza polepole kwamba upo ugonjwa unaoitwa siliaki. Ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, na kwa watu wachache kitu hicho kikiingia tumboni, mwili wao wenyewe hushambulia utumbo, ukasagika, chakula kikawa kinapita tu bila kushika. Wengi huishi nao miaka wakitibiwa vitu vingine.

"Basi nipime," Evodia alisema, na mkono wa shati alishaukunja.

"Leo haifai. Umekaa likizo nzima bila ngano, utumbo umeanza kupona. Nikikupima leo kipimo kinaweza kusema huna kitu. Utarudi kwa Matroni wako ukiwa muongo mwenye cheti."

"Sasa?"

"Sasa ule ngano. Uji wa shule na maandazi mawili kila siku, wiki sita. Halafu nichukue damu."

Mama Evodia alisimama. "Yaani daktari, mtoto anaumizwa na ngano, na wewe dawa unayomwandikia ni ngano?"

"Si dawa, mama, ni kipimo. Na akizidiwa mnamleta hapa siku hiyohiyo, tunaacha. Sitaki aumie kwa ajili ya karatasi."

Evodia alikuwa anapiga hesabu kichwani: maandazi themanini na manne.

Habari ilimtangulia bwenini. "Daktari kaagiza maandazi?" aliuliza Rebeka, rafiki yake wa kitanda cha juu, macho yamemtoka. "Huyo daktari anapatikana wapi? Na mimi nina tumbo, Evo. Nimezaliwa nalo."

Asubuhi ya kwanza Evodia alisimama bwaloni, akanyoosha tai, akaliinua andazi mbele ya umma. "Ndugu marehemu mtarajiwa," alisema kwa sauti ya mazishi. "Shule inakushukuru kwa utumishi wako. Unakokwenda kuna giza, na hakuna anayekaa sana." Bwalo lilicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kutazama. Asubuhi ya pili hotuba ilikuwa ndefu zaidi, na ya tatu iliambatana na wimbo. Kufikia wiki ya tatu hotuba zilifupishwa kutokana na hali ya msemaji. Siku moja ilikatika katikati, andazi likabaki mezani limeumwa pembeni, na mbio za Evodia kuelekea chooni hazikumchekesha mtu.

Aliporudi, Rebeka alikuwa amelishika lile andazi.

"Nipe mimi niwe nakula," alinong'ona. "Wewe sema umekula. Nani atajua?"

Mpango ulikuwa mzuri. Mwaka uliopita Evodia angeuongezea mapambo. "Damu itajua," alisema. "Haidanganyiki, Rebe. Ingekuwa inadanganyika, ningeshaidanganya mimi." Akalichukua, akakaa, akalitafuna lote, machozi yakimtoka bila kilio.

Mwisho wa wiki ya nne, Jumamosi ya usafi, Matroni alimkuta ameketi kwenye sakafu ya bafu na shuka mbichi mapajani, kwa kuwa nguvu za kuikamua zilikuwa zimekwisha. Aliikamua shuka mwenyewe, akamshika mkono, akampandisha kwenye mizani ya chumba cha wagonjwa. Mizani ilisema kilo thelathini na nane.

Matroni aliisoma mara mbili, kisha akakaa kitandani.

"Mwanangu," alisema, na Evodia alishtuka, maana jina lake kwa Matroni siku zote lilikuwa "wewe". "Nilidhani ni michezo yako. Nisamehe. Inatosha sasa. Kuanzia leo unakula spesho. Mkuu nitaongea naye mimi."

Hapo ndipo mbingu zilipofunguka, na ndani yake kulikuwa na wali. Miaka mitatu Evodia aliutafuta wali ule kwa hila zote anazoweza kuzibuni binadamu mwenye viazi. Sasa unakuja wenyewe, kwa haki, na mchuzi juu. Tumbo lilisema ndiyo kabla ya mdomo.

"Matroni," aliuliza, "mwakani utakuwepo hapa?"

Matroni alitazama dirishani. Shule nzima ilijua kwamba ameomba uhamisho kwenda Manyoni aliko mumewe.

"Na nikienda kidato cha tano shule nyingine?" Evodia aliendelea. "Huko nani atanijua? Nikiacha leo bila kupimwa, nitapona, halafu kila nitakapokwenda nitaanza upya kubishana na watu. Huruma yako itahama na wewe, Matroni. Karatasi nitabaki nayo. Zimebaki siku kumi na nne."

"Umeanza lini kuwa na akili?"

"Ni upungufu wa damu, Matroni. Utapita."

Matroni alicheka huku akijifuta macho kwa kanga. "Nakupeleka kwa huyo daktari Jumatatu. Akisema acha, unaacha, na sitaki ubishi."

"Akisema endelea?"

"Basi hayo maandazi nitayakaanga mwenyewe."

Daktari Laurian alimpima, akampa dawa za kuongeza damu na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, akapunguza maandazi yakawa moja kwa siku. "Ukiona damu kwenye choo, au ukishindwa kusimama, mchezo umekwisha," alisema. "Ukiweza, maliza." Siku kumi na mbili zilizofuata, Matroni Martina aliketi mbele ya Evodia kila asubuhi na chupa ya maji ya chumvi, akimtazama akitafuna, kama mtu anayesindikiza jeneza. Andazi la mwisho Evodia alilila bila hotuba.

Damu ilipopimwa ilijibu kwa sauti kubwa: dalili za siliaki zipo. Palibaki kwenda Dodoma kwenye hospitali kubwa, kumezeshwa mpira wenye kamera ili wakate vinyama vidogo vya utumbo na kuvitazama. Aliambiwa asiache ngano mpaka siku hiyo, naye akaongeza siku nane za uji juu ya zile alizokwishamaliza. Alipolazwa kwa ajili ya kamera, aliuliza kama picha atapewa aipeleke kwa mwalimu wa biolojia. Nesi alimwambia afungue mdomo, kwa kazi iliyokusudiwa.

Karatasi ilitoka baada ya wiki mbili. Mama yake aliisoma kwa sauti kwenye benchi la hospitali. Ugonjwa wa siliaki. Asile ngano, shayiri wala nafaka ya rai. Apikiwe kwa vyombo vyake pekee. Alipofika kwenye neno "maishani", sauti ilikatika.

"Na chapati za harusi yako je?"

"Harusi yangu itakuwa na ugali, mama. Wakwe wasiotaka warudi na mwana wao."

Alisema kwa kishindo. Lakini basi lilipovuka Ikungi, abiria wa mbele akafungua chapati zilizofungwa kwenye gazeti, harufu ikajaa gari zima, Evodia alilaza uso kwenye bega la mama yake na kulia kidogo, kwa siri, kwa ajili ya chapati. Kisha akapenga kamasi na kuomba karanga.

Mwalimu Luciana aliisoma karatasi mara mbili. Mara ya tatu aliiinua juu kwenye mwanga na kuukagua muhuri kwa muda mrefu. Hatimaye akaandika chini yake kwa wino mwekundu: *Itekelezwe.* Nakala ikabandikwa ukutani jikoni. Evodia akapewa kona, jiko dogo la mkaa, sufuria na mwiko vyenye alama ya rangi ya bluu. Unga ulitoka Iguguno, ambako bibi yake aliikataa mashine ya kijiji, inayosaga pia ngano ya uji wa watoto, akarudi kwenye jiwe lake la kusagia na kumwambia kila jirani sababu. Desemba pini moja ilitoka kwenye sketi. Machi ikatoka ya pili.

Mwezi wa Mei, jioni moja kabla ya mtihani wa majaribio wa kemia, Evodia aliingia jikoni na njaa ya mtu aliyekula saa sita mchana. Ugali wake ulikuwa tayari mezani, unafuka moshi. Mzee Obadia, mpishi mkuu, alikuwa anatabasamu.

"Nimekupikia leo, ukasome mapema."

"Shikamoo, mzee. Asante sana. Umesonga kwa mwiko gani?"

"Huu hapa." Aliinua mwiko mkubwa wa shule. Kwenye ufa wa mpini uji wa asubuhi ulikuwa umekaukia. "Nimeufuta vizuri."

Evodia aliutazama ugali. Ulikuwa wa rangi nzuri ya kijivu, umepinduliwa vizuri, mviringo kama mwezi. Rebeka, aliyemfuata nyuma, alimeza mate kwa niaba yake.

"Nitashindwa kuula, mzee Obadia."

"Kidogo tu hivyo? Mwanangu, nimeupika kwa upendo."

"Najua, na mimi naumia. Lakini kidogo hicho kitanilaza kesho." Akauinua kwa mikono miwili na kumkabidhi Rebeka, aliyeupokea kwa majonzi makubwa na kuanza kuula akiwa amesimama. Evodia aliisugua sufuria mara tatu, akateka maji, akachochea mkaa. Kengele ya kujisomea ikalia.

Mwalimu wa zamu, Mwalimu Ignas, alichungulia mlangoni. "Evodia! Hujasikia kengele?"

"Nimesikia, Mwalimu. Nitachelewa dakika ishirini."

"Kwa sababu gani?"

Kwa swali kama hilo Evodia siku zote alikuwa na uongo wa aina tatu, umepangwa tayari kwa ukubwa. Alijipekua. Safari hii hakuwa nao hata mmoja.

"Napika chakula changu."

Mwalimu Ignas aliangalia sufuria, akaangalia karatasi ukutani, akaisogelea na kuisoma mpaka mwisho, kisha akaondoka zake. Mzee Obadia alileta mwiko wa alama ya bluu, ameuosha kwa maji ya moto, akauweka mezani karibu na mkono wa Evodia. Maji yalichemka. Evodia alitia unga, akaanza kusonga.