Vyuma vya Helisi

Monsieur Sylvère alishuka na gari lake kutoka mlimani Kiriri mpaka kibandani kwangu Jabe, akaweka picha mezani. Ilikuwa ndege ya vita ya zamani sana, yenye safu moja tu ya mabawa. Alitaka nimtengenezee ndogo ya bati, ya kupamba sebule yake.

"Khaled, usisahau hivi vyuma kwenye helisi," alisema, akigusa ile feni ya mbele. "Bunduki ilikaa nyuma yake. Risasi nyingi zilipita katikati ya mapanga yake, lakini zingine zingeivunja. Basi wakaifunga vyuma. Zikigonga, zinaruka pembeni. Walikuwa na akili, eh?"

"Na zikiruka, zilienda wapi?"

"Popote! Helisi ilipona, basi."

Akacheka. Mutu mzima, anacheka.

Nikatupa mkasi wangu wa kukatia bati. Chini ya meza yangu nina mlango wa bati wa nyumba tuliyohama kule Cibitoke, siukati, siuuzi. Niliuvuta nje, nikamshika Monsieur kidole, nikakiingiza kwenye tundu dogo la ule mlango.

"Ile siku walikuwa wanapigana barabarani," nikamwambia. "Risasi moja iligonga nguzo ya chuma, ikaruka, ikakuja hapa. Nyuma ya hii mlango Sumaya, mutoto wangu, alikuwa analala. Hakuamuka tena."

Alikichomoa kidole polepole, akakifuta kwenye suruali.

"Pole, Khaled," alisema. "Pole kabisa."

Kisha akaisogeza ile picha karibu yangu.

"Lakini vile vyuma utaviweka?"