Boakye Asema Mbele ya Wazee

Serwaa hakujua kuzunguka maneno, na mwanawe Boakye, wa miaka sita, alimrithi. Tangu mtoto anajifunza kuoga mwenyewe, mama alimtajia kila kiungo kwa jina lake: hili goti, hiki kitovu, huu uume, haya mapumbu. Ni vyako, vikiuma niambie. Na kama kuna wazee, tanguliza "sebe", uombe radhi kwanza, kisha useme.

Ukoo mzima pale mjini Ejisu ulimwona kichaa. Kwao kila kilichoko chini ya kitovu kiliitwa "huko", na ya huko yaliishia huko. Kaka yake Antwi, ambaye Boakye alimwita Wofa, yaani mjomba, ndiye aliyemwonya. Kwa Waasante mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akitamka kitu hatanii.

"Siku atakayotutia aibu mbele za watu," alimwambia, "namchukua nikamlee mwenyewe."

Tangu hapo moyo wa Serwaa haukutulia.

Basi ikafika Jumamosi ya msiba wa bibi yao. Watu walijaa chini ya maturubai, vitambaa vyeusi na vyekundu kila upande. Serwaa alikuwa kwenye mstari wa kuwapa wazee mkono alipomwona Boakye anakuja amejikunja. Ngoma nazo zikachagua kupumzika dakika hiyo hiyo. Mtoto akasimama mbele ya mjomba wake.

"Sebe, Wofa. Sebe, wazee wangu. Pumbu langu la kushoto linauma sana. Limepanda juu."

Mama mmoja akajifunika uso, mwingine akageuka kucheka. Serwaa alitamani ardhi ipasuke immeze. Wofa Antwi akatafuta kosa la kumkaripia mtoto, asilipate, maana radhi ilishaombwa. Akamgeukia dada yake.

"Mtoto anaumwa tumbo. Kamlaze, jioni apewe dawa ya minyoo."

"Si tumbo, Wofa," Boakye akasema, machozi yakimtiririka. "Tumbo nalijua."

Hapo aibu yote ikamtoka Serwaa. Mwanawe alikuwa amefanya kila alichofunzwa. Yeye ndiye aliyekuwa anatafuta pa kujificha. Akamwinua mtoto.

"Kaka, lete gari. Sasa hivi."

Wofa akaangalia ule uso mdogo uliopauka, akaacha viatu vyake pale pale, akakimbilia gari.

Hospitalini Kumasi daktari hakupoteza muda. Pumbu lilikuwa limejisokota, damu haipiti. Mtoto akaingizwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Daktari alipotoka alikuwa anatabasamu. Limepona, akasema. Wengi huletwa kesho yake, baada ya kutibiwa tumbo, na wakati huo linabaki la kukatwa tu.

Wofa Antwi akakaa kitako, miguu mitupu. Kisha simu yake ikalia: wazee msibani walitaka kujua mtoto alikuwa na nini. Serwaa akasubiri kusikia habari za tumbo.

"Pumbu," Wofa akasema, kwa sauti ya kujaza ukumbi. "Nimesema pumbu, mzee, hukusikia vibaya. La kushoto. Limeokolewa, na aliyeliokoa ni mwenyewe kwa mdomo wake. Sasa wakusanyeni watoto wote wa nyumba, wavulana kwa wasichana. Kesho dada yangu ana mazungumzo nao."